Karantina, Nyumba ya Nne, Wanawake Saba

Kazi yangu hapa Riyadh ni kuingiza kwenye kompyuta watu waliokufa zamani. Kuna daftari la sensa ya mji mmoja mdogo wa bara, la karne ya kumi na tisa, zama za Waturuki. Limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na mimi nakaa mbele ya picha hizo kutwa nzima, nasoma hati ya karani na kuihamisha kwenye jedwali. Hati za zamani za Kiarabu nilianza kuzijua chuoni kwetu Unguja, chuo cha Kurani, kwa bakora, nikaendelea nazo chuo kikuu kwa sababu sikuwa na jambo jengine nililolijua vizuri. Watu kwetu walinicheka. Leo ndizo zinazonilisha, na natamani nisingezijua.

Daftari lenyewe linakwenda nyumba kwa nyumba. Kwanza jina la mwenye nyumba na la baba yake, kisha umri, urefu, rangi ya ndevu. Chini yake wanawe wa kiume, ndugu zake, wapwa wanaokula kwake. Halafu nyumba: ya udongo, ina ghorofa au haina, ina kisima au inachota kwa jirani. Halafu shamba: mitende inayozaa na isiyozaa, kipande cha ngano, majani ya mifugo, mbuzi, na punda wa kuvutia maji. Ni mji wa kisomo na tende, watu wake si wengi, na baada ya mwaka mmoja niliwajua kama ninavyowajua watu wa mtaani kwetu. Nilijua nani ana jicho moja na nani amegombana na kaka yake mpaka wakagawana kisima.

Wanawake hawamo. Yaani wamo, kwa sababu wana hao wa kiume hawakuota pamoja na majani ya mifugo, lakini hawakuandikwa. Hapa na pale karani aliona huruma, au pengine alikuwa na wino wa ziada, akaweka pembeni idadi: wanawake wanne. Na katika mashamba makubwa, baada ya mitende na kabla ya punda, huja mstari wa "weusi", yaani watumwa: weusi watatu, weusi watano. Hawana majina wala ndevu. Mara ya kwanza nilipousoma mstari huo nilikwenda chooni nikalia kwa hasira, nikarudi nikamwambia bosi kwamba sitaki tena. Bosi, mtu mzima mpole wa hapa hapa Riyadh, akaniagizia chai ya maziwa akaniambia, "Ingiza ulichokiona. Karani ndiye aliyekosa, si wewe."

Nikaingiza. Na mtu huzoea, hilo ndilo la kutisha. Baada ya miezi sita nilikuwa siingii tena chooni kulia. Nilikuwa naandika "wanawake 4", nabonyeza, nakwenda nyumba inayofuata, na nikaanza hata kumsifu karani yule kwa unadhifu wake. Mistari yake ilinyooka. Safu zake zilijumlika bila kasoro. Nilisema moyoni, huyu alikuwa mtu wa kazi.

Mdogo wangu alikuwa Jeddah. Tulizaliwa wawili tu, na mimi ndiye niliyemwambia aje. Nilikuwa nimeshapata kazi ya mezani, yenye kiyoyozi, nikamwona yeye kule nyumbani anauza maandazi kwenye mlango wa skuli, nikamwambia acha upuuzi, njoo utafute maisha. Hakuwa na kisomo cha kazi ya mezani. Akaja kama kadama, mfanyakazi wa ndani, kwenye nyumba ya ghorofa tatu mtaa wa Al-Rawdah, watu kumi na mmoja kuwapikia na kuwafulia. Mwaka wa kwanza alinitumia picha za jikoni akicheka. Mwaka wa pili miguu ikaanza kumvimba.

Madam wake alimwita mvivu. Mdogo wangu alipanda ngazi kwa kushika ukuta, akaambiwa, "Yalla, yalla, haraka, miguu ya tembo." Siku aliyoanguka na sinia la kahawa aliamua kuondoka. Alichukua mkoba wake na kanga mbili akatoka kwa mlango wa nyuma mchana kweupe, akateremka Karantina, kusini ya mji, ambako wanakwenda wote wasiokuwa na pa kwenda. Kafili, mwajiri aliyemdhamini, akaripoti kwamba ametoroka, na ikama yake, kile kibali cha kukaa, ikafa siku hiyo hiyo. Daktari mmoja wa Kisudani kule mtaa wa Baghdadiyah alimpima, akanipigia simu mimi. Aliniambia kwa Kiarabu cha taratibu, kama anayemsomea mtoto, kwamba figo zinakufa, kwamba anahitaji kusafishwa damu kila wiki, na kwamba bila ya ikama hakuna atakayempangia hapa kila wiki. "Mrudishe kwa mama yake," alisema. "Msichelewe."

Mama akaenda hospitali kuu ya kwetu akaulizia, akarudi na jibu kwamba nafasi ya kusafishwa damu itapatikana akishafika. Akapaka chokaa chumba cha uwani. Akanitumia na picha ya kitanda.

Lakini mtu aliyeripotiwa kutoroka hanunui tu tiketi akaenda uwanja wa ndege. Alihitaji karatasi ya kusafiria na ruhusa ya kutoka, na hayo mawili mtu mmoja mmoja hayapati. Ndipo umoja wa watu wa Afrika Mashariki wa Jeddah ukafanikiwa kuliombea kundi zima: waorodheshwe wote wasio na karatasi wanaotaka kurudi, tajiri mmoja wa kwetu alipie viti vya ndege, na watu wa ofisi ya uhamiaji wakubali kuwashughulikia kwa siku chache zilizotajwa. Kila mtaa ukapewa mtu wa kuandika. Baghdadiyah ukapewa fundi cherehani, mtu wa Tanga, ambaye mwandiko wake ni kama kuku amekanyaga unga. Karantina wakanipa mimi. Katibu wa umoja alinisifu kwenye simu mbele ya watu: "Huyu dada ndiyo kazi yake, kuhesabu watu. Msiwe na wasiwasi."

Nilifurahi, sitadanganya. Nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda basi kutoka Riyadh, na njia nzima nilikuwa napanga jedwali. Nyumba. Mwenye nyumba. Namba yake ya simu. Wanaume, wanawake, watoto. Wenye maradhi, weka alama. Nililichora kwa rula kwenye kurasa za karatasi ngumu, likapendeza kweli. Sikuona wakati ule nimelitoa wapi.

Karantina nilizunguka siku mbili. Jasho la Jeddah halikauki, unavaa nguo ikiwa imeshalowa. Nyumba nyingine zilikuwa za watu wa kwetu wenyewe, mwenye nyumba ni mama wa watu au baba wa watoto, anakaa mlangoni anakuhesabia walio wake. Nyumba ya nne, aliyokuwamo mdogo wangu, ilikuwa tofauti. Mkataba wa kodi ulikuwa kwa jina la mzee mmoja wa Kihausa, aliyezaliwa hapo hapo Jeddah na bado anahesabika mgeni. Aliwapangisha wanawake saba chumba cha juu, na kila alipoona mtu mwenye karatasi mkononi alianza kutetemeka mdomo. Nikamtuliza. Nikamwandika: mwenye nyumba, na namba yake.

Wanawake wale nao waliogopa. Mmoja wao, Mkenya wa Nakuru, mwenye maneno mengi na moyo mzuri, alinishika mkono nilipofungua kalamu.

"Sista, majina usiandike. Hiyo list ikishikwa na watu wengine tumekwisha. Si uandike tu number?"

"Itaandikwa idadi tu," nikamwambia. "Hakuna atakayejua nani ni nani."

"Hapo sawa. God bless you."

Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, amenyoosha miguu juu ya mto. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamekuwa madogo. Alikuwa akinisikiliza kwa makini tangu nilipoingia, kama mtoto anayesubiri aitwe jina lake skuli.

"Dada," akasema, "mie niandike jina. Mie siogopi."

"Haina haja."

"Niandike tu jina langu na la mama. Wao wewe wawache kama wanavyotaka."

"Sasa nikuandike wewe peke yako watu waseme nini? Kwamba nimekuja kumpendelea mdogo wangu? Umo ndani ya saba. Idadi inatosha."

"Huko watajuaje kama mie ni mimi?"

Nilimkatiza. Nilimwambia maneno ambayo nikiyakumbuka sasa natamani ulimi ungekatika: kwamba mimi ndiyo kazi yangu, kwamba majina hufutika lakini hesabu iliyopangwa vizuri haimpotezi mtu, kwamba asinifundishe. Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na nilikuwa na fahari ya jedwali langu. Kama tangu utotoni nikimkaripia, alijivuta akanitengea chai. Nikaandika: Nyumba ya nne, wanawake 7, mgonjwa 1. Nikapiga mstari.

Jengine ambalo sikulifanya: sikumpigia katibu kumwambia kwamba mgonjwa wa nyumba ya nne ni ndugu yangu wa tumbo moja. Niliona aibu. Nilitaka ionekane kwamba naongozwa na kanuni. Basi kanuni hiyo ikatuongoza.

Nilirudi Riyadh nikaendelea na mitende yangu. Chumba tunachofanyia kazi hakiruhusu simu, kwa sababu ya picha za nyaraka. Asubuhi tunaziweka kwenye kabati la chuma mlangoni na kuzichukua jioni. Katibu alipopokea orodha alipeleka idadi kwa tajiri, na viti vikanunuliwa kwa idadi. Jumla yangu ilikuwa sahihi, nilisifiwa tena. Kisha ofisini wakataka watu wenyewe waje, mmoja mmoja, kwa jina, na picha mbili, na alama za vidole. Wale wa fundi wa Tanga walipigiwa simu kila mmoja. Katika daftari lake la skuli, kwa mwandiko wake wa kuku, alikuwa ameandika jina la kila mtu, jina la mama yake, kijiji chake, namba yake ya simu, na pembeni maneno kama "huyu anazungumza sana" na "huyu apigiwe baada ya alasiri". Wote walikwenda. Katika Karantina yangu walipigiwa wenye nyumba. Nyumba zilizokuwa na watu wa kwetu mlangoni, wenye nyumba waliwatoa watu wao. Nyumba ya nne alipigiwa mzee wa Kihausa.

Akasema, "Mafi. Hapa hakuna wanawake."

Simlaumu. Nani angekubali, kwa sauti ya mtu asiyemjua, kwamba amewaweka watoro saba juu ya kichwa chake? Alisema mwenye nyumba, na mwenye nyumba akisema ndiyo nyumba imesema. Mimi mwenyewe nilimpa cheo hicho kwa rula. Katibu akashangaa, akanipigia mimi. Akapiga mara tano, siku ya mwisho ya zile siku chache, kati ya asubuhi na saa nane mchana. Simu yangu ilikuwa kabatini.

Nilipoitoa jioni nikaona jina lake mara tano nikajua kabla sijampigia. Nilipiga nikiwa nimesimama kwenye ngazi za jengo, wenzangu wananipita kwenda kwenye gari.

"Dada, nyumba ya nne majina yao yako wapi?" akaniuliza. "Nimetafuta kila karatasi."

"Sikuandika majina. Mmoja ni mdogo wangu. Nakupa sasa hivi, andika."

"Mdogo wako wa kweli? Mbona hukuniambia?"

"Andika, nakuomba."

"Halas, dada, imekwisha. Wamefunga saa nane. Nimewabembeleza wamekataa, wanasema kila aliyeitwa ameitwa. Sasa viti saba vya Karantina sijui nimpe nani, vimeshalipiwa na kubadilisha hakuna."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Bosi akapita, akarudi, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu.

Ndege iliondoka siku ya tatu yake. Ilibeba watu wa Baghdadiyah wote, na wa Karantina walioitwa, na viti saba vitupu. Mpaka leo nikikaa mahali penye viti vilivyopangwa, hata pa kusubiri daktari wa meno, nahesabu mpaka saba bila ya kutaka.

Nilikwenda Jeddah mwisho wa wiki ile kumwambia mwenyewe. Nilidhani atanitukana, nilitaka anitukane. Alikuwa amelala, pumzi fupi fupi, yule Mkenya anampepea kwa kipande cha boksi. Nikasema yote, tangu jedwali mpaka kabati. Akasikiliza. Mwisho akauliza, "Basi kuna siku nyengine watapanga?" Nikasema ndiyo, In Shaa Allah, katibu ameahidi. Katibu hakuahidi kitu. Akasema, "Haya. Siku hiyo uniandike." Akageukia ukutani. Yule Mkenya akanitazama juu ya kichwa chake, na macho yale sitayasahau, kwa sababu hakuwa na hasira na mimi. Alikuwa anajiuliza kama yeye ndiye aliyenishauri vibaya.

Hakukuwa na siku nyengine. Mdogo wangu alichukuliwa hospitali baada ya wiki tatu, alipopoteza fahamu, na pale walimpokea bila ya kumuuliza karatasi, nawashukuru, walifanya lililokuwa mikononi mwao. Nilifika nikamkuta ameshakata roho, bado ana joto. Alizikwa Jeddah siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Wanawake wa nyumba ya nne hawakuthubutu kutoka, wakasoma Yasini chumbani, na Mkenya, ambaye ni Mkristo, akakaa nao mpaka mwisho.

Kazini nilirudi. Watu huuliza unawezaje. Mkataba umebakisha miezi saba. Nilimwambia bosi kwamba napendekeza tuongeze safu moja ya maelezo, kwamba pale karani alipoandika idadi tu tuandike kuwa majina yalikuwapo hayakuulizwa. Akafikiri, akasema kwamba hilo halimo kwenye daftari, hatuwezi kuingiza kisichokuwamo. Anasema kweli. Mimi sasa nikifika kwenye safu hiyo mkono unakataa, nakaa hata robo saa, halafu naingiza.

Lililobaki ni mama. Wale waliorudi na ndege ile wengine wanakaa mitaa ya kwetu, na mmoja alikwenda kumpa pole. Kwa hiyo mama akapata la kuuliza. Alinipigia Ijumaa, baada ya sala, sauti yake ya kawaida tu, nasikia na kuku wake nyuma.

"Mwanangu, hebu nambie. Hawa wa wenzangu wamerudi, hata wazima wasio na ugonjwa. Wangu alikuwa mgonjwa. Kwa nini hakupandishwa?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo tangu siku ya maziko. Nilikuwa nimeamua kusema kweli. Nikafungua mdomo nikasema, "Nafasi zilijaa, mama."

"Zilijaa."

"Zilijaa. Watu walikuwa wengi."

Nilisikia anavuta pumzi, kisha akaanza kunibembeleza, mimi. Akasema nisijitese, kwamba siku za mtu ni za Mungu, kwamba yeye ana radhi na mimi kwa sababu sikumwacha mwenzangu peke yake.

"Wewe ulifanya lako," akasema. "Si ulimwandika?"

"Nilimwandika, mama."

"Basi. Mungu akulipe kheri, mwanangu."